Habasoda na Amana ya Mwili



Ndugu zangu katika imani, wapo miongoni mwetu hapa Doha wasiofuturu bila kijiko cha mafuta ya habasoda. Hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuhusu tiba yake imo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, nasi twaiamini. Lakini imani haikatazi uchunguzi. Ibn Sina, katika kitabu chake Al-Qanun, aliweka masharti ya kujaribu dawa. Mojawapo ni kuijaribu kwa binadamu, si kwa mnyama pekee. Watafiti wa leo huwapa kundi moja habasoda, jingine kitu kisicho dawa, kisha hulinganisha. Baadhi ya tafiti hizo zimeonyesha kwamba hupunguza kwa kiasi sukari na shinikizo la damu.

Hapo ndipo penye hadhari. Mfungaji anayemeza dawa za kisukari, akaongeza na habasoda, sukari yake yaweza kushuka kupita kiasi. Mwambieni daktari mnachokitumia, wala msiache dawa alizowaandikia. Ikishuka mchana, fungueni. Mgonjwa amepewa ruhusa. Mwili ni amana, nasi tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.