Chupa ya Mafuta na Vyombo vya Jirani



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za mjane aliyemlilia nabii Elisha. Mumewe amekufa akiwa na deni, na mwia amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Tumezoea kuisimulia habari hiyo kwa ajili ya muujiza wa mafuta, na kweli ni muujiza. Lakini tutazame kwanza nabii alifanya nini. Hakutoa fedha. Alimwuliza mama yule ana nini nyumbani mwake. Mama akajibu kuwa hana kitu, kisha ndipo akaikumbuka chupa ya mafuta. Nabii akamtuma kwa majirani aazime vyombo vitupu, tena vingi. Akamwambia afunge mlango, amimine yeye pamoja na wanawe. Hakuna aliyesimama pale kumpiga picha. Mwishowe akauze, alipe deni, na kinachobaki kiwe riziki yao.

Mwia yule hajafa. Katika miji yetu mikopo yake huitwa "kausha damu", na baadhi ya akina mama wanaotusikiliza asubuhi hii wanamjua kwa sura. Hutoa fedha upesi bila maswali, hurudi kudai kila juma, na siku ya kukosa marejesho hubeba kitanda, cherehani, hata masufuria.

Huko India, katika mji wa Ahmedabad, wachuuzi wa mboga, wabeba mizigo vichwani na washonaji wa majumbani waliishi chini ya mkono wa mwia wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1972 mwanasheria Ela Bhatt, aliyefariki mwaka 2022, aliwaunganisha katika chama cha wanawake waliojiajiri kiitwacho SEWA, jina ambalo katika lugha za huko lamaanisha pia huduma. Serikali ilisita kwanza kukiandikisha: hawa hawana mwajiri, watadai haki zao kwa nani? Mwaka 1974 wakapata benki yao ya ushirika. Akina mama 4,000 walikuwa wametoa rupia 10 kila mmoja. Na walipoambiwa kuwa wasiojua kutia sahihi hawawezi kuanzisha benki, waanzilishi walikesha usiku kucha wakijifunza kuandika majina yao. Tungependa kila anayewadharau wauza mboga wa sokoni aufikirie usiku ule.

Akina mama hao hawakuridhika kujiokoa wenyewe tu. Mwaka 2008, kwa fedha za serikali ya India, SEWA ilianza kuwafundisha wajane wa vita mjini Kabul, nchini Afghanistan: kushona nguo, kusindika vyakula, kukuza miche. Baadhi yao walisafiri kwanza hadi Ahmedabad, wakajifunza, kisha wakarudi kwao kuwa walimu wa wenzao. Ruzuku ililipia mafunzo na vifaa, nayo mikono ilikuwa ya wenyeji. Hivyo ndivyo vyombo vya jirani vinavyoazimwa kuvuka mpaka.

Hapa tuseme wazi jambo linalonong'onwa katika maparokia yetu. Ruzuku nyingi hufika kabla ya swali la Elisha kuulizwa. Mashine ya kusaga huletwa mahali pasipo na fundi wa kuitengeneza. Kikundi huundwa Jumatatu kwa sababu mfadhili anakuja Jumatano, nacho hufa fedha zikishagawanywa. Pengine ufunguo wa stoo ya akina mama hukaa mfukoni mwa mwenyekiti ambaye si mama. Kisha tunasema akina mama hawawezi biashara! Hawakufundishwa kuandika daftari la mapato na matumizi, wala kutenga mtaji na faida, wala kukataa kumkopesha shemeji fedha za kikundi. Somo hilo la mwisho, tukiri, ni gumu kuliko hesabu.

Tena wapo wasemao: sisi wenyewe twangojea wafadhili, tutamsaidiaje mwanamke wa nchi nyingine? Mtume Paulo aliwasifu Wakristo wa Makedonia, maskini wakubwa, waliochangia ndugu wa Yerusalemu ambao hawakuwajua kwa sura. Akina mama wa Kongo na Burundi wamevuka mipaka kuja kwetu wakiwa na ujuzi wa kulima, kufuma na kupika. Mweka hazina wa VICOBA ajuaye kufunga hesabu ana chombo cha kuwaazima, hata kama mfukoni hana shilingi.

Tuwaombee kwa namna ya pekee wajane wa Kabul. Tangu Agosti 2021, Taliban waliporudi madarakani, wanawake wa nchi ile wamefungiwa shule za sekondari, vyuo na kazi nyingi. Wengi wao sasa hushona nyuma ya mlango uliofungwa, kama mjane wa Elisha, ila mlango huu umefungwa na wengine.

Nanyi makatekista, juma hili katika jumuiya ndogo ndogo someni aya zile 7 za kwanza. Kisha kila mama aulizwe ana nini nyumbani mwake, naye aachwe ajibu mwenyewe, bila kuharakishwa. Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya halmashauri ya parokia kabla barua yoyote haijaandikwa kwa mfadhili.

Tumsifu Yesu Kristo.