Hotuba ya Kamati ya Elimu: Mashine Ipo, Karatasi Hakuna

Wana-Maswa, mwadila!

Mmeitikia "mhola duhu", nasi tunashukuru. Lakini kamati yenu imetumwa kusema jambo ambalo si mhola, na tutalisema mapema kabla chakula hakijapoa.

Mwaka juzi, kwenye harambee kama hii, tulichanga tukanunua viti mwendo sita kwa vijana wetu wenye ulemavu walio masomoni. Picha zilipigwa, na moja ikatoka kwenye jalada la kijitabu hiki. Mwaka huu tulipokwenda kuwaona vijana wale, viti vinne vilikuwa vimeegeshwa ukutani. Havikuvunjika. Matairi yalitobolewa na miiba, na anayezijua njia za kwetu wakati wa kiangazi anajua mwiba wa mgunga unavyofanya. Hakuna kati yetu aliyekumbuka viraka, gundi, pampu wala tyubu za akiba. Utepe wa kukata tulikumbuka.

Katika safari hiyohiyo tuliona mashine ya kuandikia nukta nundu imefunikwa kitambaa safi juu ya kabati. Mashine ni nzima. Kilichokwisha ni karatasi, kwa kuwa nukta nundu huandikwa kwenye karatasi nzito, si hii ya kawaida ambayo nukta zake hulala ukizipapasa mara mbili tatu. Kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa kuwa nukta nundu hutoka mabuku kadhaa manene, kwa hiyo karatasi huliwa kama kuni za msiba. Kijana asiyeona aliyekuwa akiitumia mashine ile sasa anamtegemea mwenzake amsomee jioni, mwenzake akiwa na nafasi.

Lililotuuma zaidi ni la binti yetu mmoja, kiziwi, aliye chuo ambacho hatutakitaja. Mkuu wa chuo alitupokea vizuri na alituambia ukweli. Binti huyo alisoma mwaka wa kwanza akiwa na mkalimani wa lugha ya alama, na matokeo yake yalikuwa mazuri. Mwaka wa pili mkalimani hakuitwa tena. Tulipoingia darasani tulimkuta ameketi mbele kabisa, macho kwa mwalimu, mwalimu anaongea huku ameelekea ubaoni. Alikuwa ananakili daftari la jirani yake, pamoja na makosa ya jirani. Tulimwandikia swali kwenye karatasi: unahitaji nini? Tulidhani ataomba nauli au nguo. Alijibu kwa maandishi: "Saa kumi na mbili kwa wiki." Alimaanisha saa za mkalimani. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya vipindi asivyoweza kuvifuata kwa daftari la jirani.

Tumwelewe mkuu wa chuo. Bunge hupitisha bajeti, lakini chuo hutumia kile kinacholetwa, na fungu la matumizi mengineyo ndilo hupungua kwanza hali ikibana. Kikija kidogo, atalipa chakula cha wanachuo, umeme, maji na walinzi. Huwezi kumwambia mlinzi arudi muhula ujao. Mkalimani ni kibarua wa vipindi, hayumo kwenye orodha ya watumishi wa kudumu, na anayemhitaji ni mwanachuo mmoja au wawili. Basi yeye hukatwa wa kwanza, na hakuna anayepiga kelele, kwa sababu aliyekatiwa ni huyohuyo asiyesikia kikao kinachozungumza habari zake. Chuo hakijafungwa, bendera inapepea, na kwenye taarifa ya mwaka binti yetu anahesabiwa kuwa yupo.

Huduma ikifa kimyakimya hivyo, kuirudisha ni kazi kubwa. Serikali yetu ilianzisha vyuo vya ufundi na marekebisho kwa watu wenye ulemavu: Yombo Dar es Salaam, Sabasaba Singida, Luanzari Tabora, Masiwani Tanga, Mtapika kule Masasi, na jirani yetu Mirongo, Mwanza. Baadhi vilisimama kwa miaka mingi kwa kukosa fedha na majengo kuchakaa, na miaka hii ya karibuni Serikali imeingia kazi ya kuvifufua. Tunaipongeza. Lakini fikirini: paa linaezekwa upya, vifaa vinanunuliwa upya, walimu wanatafutwa upya, na waliokuwa na umri wa kusoma wakati milango imefungwa sasa ni watu wazima. Hao hawafufuliwi kwa bajeti yoyote.

Wapo wazee waliotuuliza kwenye kikao cha maandalizi: hii si kazi ya Serikali? Ni kazi ya Serikali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki zao mwaka 2009. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea, kwa hiyo hatuombi hisani ya watu wachache. Na kubana matumizi si ugonjwa wa nchi maskini peke yake. Uingereza ilianza mwaka 2015 kuwataka wanafunzi wenye ulemavu wajilipie pauni 200 za kwanza za kompyuta, kisha mwaka uliofuata sehemu kubwa ya gharama za wasaidizi kama waandishi wa noti ikahamishiwa kwa vyuo vyenyewe.

Swali la wazee lina hoja nyingine ndani yake, nayo tumeijadili mpaka usiku: tukilipa sisi, je, chuo hakitasema "Maswa wanalipa", kisha kifute kabisa fungu lile? Hofu hii ni ya kweli. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kila tutakapolipa, barua itakwenda kwa bodi ya chuo na nakala kwa ofisi ya Mkurugenzi, ikisema tumelipia muhula gani, saa ngapi, na kwamba tunaomba huduma hiyo iingizwe kwenye bajeti ijayo. Tunaziba ufa muhula huu ili binti asidondoke, huku tukidai ukuta. Asiyependa barua kali asitupigie kura mwakani.

Sasa fedha. Tunaomba mfuko wenye akaunti yake, usiochanganywa na ule wa madarasa na zahanati. Hautajenga kitu, na tunajua jambo hilo halipendezi. Wana-Maswa tunapenda kujenga. Tofali linaonekana, na jina la mchangiaji linakaa ukutani. Mfuko huu utanunua vitu vinavyokwisha: saa za mkalimani, karatasi za nukta nundu, tyubu na viraka, betri za kinasa sauti, kofia pana na mafuta ya kukinga jua kwa vijana wenye ualbino. Kuhusu hao hatuhitaji kuwakumbusha watu wa Usukuma tulikotoka, na kwa nini watoto walikusanywa Buhangija kule Shinyanga ili walale salama. Waliolelewa pale wengine leo wana umri wa chuo. Itakuwa aibu mtoto aliyenusurika na panga ashindwe na ubao asioweza kuusoma kutoka nyuma.

Ada hatutalipa. Kwa wanaostahili ipo Bodi ya Mikopo, na mwombaji mwenye ulemavu aambatanishe uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Vijana wengi wetu hukwama kwenye karatasi hiyo moja tu, kwa hiyo kamati itawasindikiza.

Wanachama mia moja wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi ni shilingi 500,000, yaani 6,000,000 kwa mwaka. Tunaomba ahadi ya kila mwezi kuliko noti kubwa ya leo, kwa sababu mkalimani anakula kila mwezi. Tunajua wengi mnangoja pamba iuzwe. Mwenye kutaka kutoa kwa msimu aandike hivyo kwenye fomu, tutamfuata baada ya mizani. Na wale wa Dar es Salaam na Mwanza mliokaa upande ule mnacheka, tutasoma jumla ya kila tawi kabla ya kufunga. Mkishindana kama Bagika na Bagalu, sisi hatutaamua ugomvi.

Yapo pia mambo yasiyogharimu hata senti. Maswa yetu inatengeneza chaki na tunajivunia. Walimu mliomo ukumbini, mnapoandika kwa chaki hiyo, semeni kwa sauti kile mnachoandika, asiyeona atakipata. Mkimaliza kuandika, geukeni ndipo mzungumze. Kiziwi husoma midomo, hasomi mgongo. Mwenye ualbino mpeni kiti cha mbele bila kungoja aombe. Ipo programu ya bure ya kompyuta inayosoma skrini kwa sauti, inaitwa NVDA. Vijana wetu wa kompyuta wanaweza kuipakia kwenye vyuo vya karibu, kuanzia Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Malampaka, likizo hii hii.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo. Orodha yetu ina majina kumi na moja, na tunajua haijakamilika. Wapo vijana waliomaliza kidato cha nne na sasa wanalinda nyumba, kwa sababu mzazi aliona chuo hakitawaweza. Mayu au baba, kama kijana huyo yuko kwako, hatuji kukulaumu. Tuletee jina lake na cheti chake.

Fomu za ahadi ziko kwenye meza ya kushoto mnapoingia, karibu na zilipo michembe na matobolwa, na hapo mahali tulipachagua kwa makusudi. Mhasibu atatoa stakabadhi kwa kila shilingi. Muhula unafunguliwa baada ya wiki tano, na mkalimani tuliyezungumza naye anasubiri jibu letu Ijumaa.