Kabla ya kumwita mtu mvivu

Mafundisho ya siku ya Mungu, kama yalivyosomwa katika radio yetu



Leo tutazungumza juu ya mpira. Msicheke. Hapa Lubumbashi, mtu asiyetaka kuzungumza juu ya mpira atazungumza na nani? Tena mpira wa mji huu ulizaliwa karibu sana na kanisa. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto waliwaanzishia wanafunzi wao timu, wakaiita Saint-Georges. Ndiyo leo tunayoiita TP Mazembe. Mwaka ule ule ikazaliwa pia Lupopo, ambayo hata leo inabeba jina la Mtakatifu Éloi, msimamizi wa wahunzi. Watakatifu wawili katika mji mmoja! Lakini siku timu hizo zinapokutana, wapenzi wao wanaambiana maneno ambayo hakuna mtakatifu angependa kuyasikia.

Hata hivyo, leo hatukuja kuwahukumu wapenzi wa Mazembe wala wa Lupopo. Tumekuja kuungama kosa letu sisi wenyewe wa radio hii.

Ninyi mnajua kwamba siku ya posho, jioni, tuna kipindi cha michezo, na ndani yake tunasema matokeo ya timu za mitaa. Siku moja timu ya vijana wa mtaa wetu ilishindwa mabao mawili kwa bila. Saa ile ile watu wakajaa kwenye mlango wa radio, na mabishano yote yalikuwa juu ya kijana mmoja tu, mchezaji wa pembeni, upande wa kushoto, anayevaa namba 11. Jina lake hatutalitaja.

Wengine walisema: "Zamani alikuwa anampita beki kama vile beki ni mti. Sasa kila mpira anaupoteza. Krosi zake zinaenda mikononi mwa kipa, au nje. Sifa zimemlevya." Wengine wakajibu: "Hamwoni ginsi anavyokimbia? Ninyi mnaangalia mpira tu, hamwangalii mtu." Wakubwa kwa wadogo walipandisha sauti. Ndugu wawili wa tumbo moja waliondoka pale bila kuagana. Na wengine waliopiga kelele zaidi walikuwa wameweka franka zao kati yao kabla ya mchezo. Mtu aliyeweka pesa hawezi tena kumwona mchezaji. Anaona pesa yake inakimbia uwanjani, na pesa ikianguka anataka mtu wa kuchapwa.

Ndipo mmoja wetu akaingia kwenye mikro na kusema: "Namba 11 amekuwa mvivu. Afadhali akae." Tunasema hili ni kosa letu sote, kwa sababu hakuna kati yetu aliyemkataza. Neno lile lilichukua labda sekunde tatu. Kisha tukapiga wimbo, tukaendelea na matangazo ya vifo.

Siku mbili baadaye mama wa kijana alikuja. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akasema: "Bababa, mie sijue mambo ya mupira. Ila mutoto wangu anaamuka saa kumi na moja, anaenda kwa gareji. Akitoka kwa gareji, anaenda kwa mazoezi. Tangu mulisema vile kwa radio, kule kwa gareji banamuita Mvivu. Hana tena jina ingine. Sasa munionyeshe uvivu yake iko wapi, nimupige mie mwenyewe."

Wapendwa, hatukuwa na jibu. Na tuseme ukweli wote: yule aliyesema neno lile hakuona nusu ya pili ya mchezo. Alikuwa ameondoka mapema ili kutayarisha kipindi. Alichukua maneno ya mlangoni na kuyapandisha hewani.

Kwa majuma mawili kijana hakuonekana kiwanjani. Mwalimu wa timu alimfuata huko gareji, wakazungumza, na juma la tatu akarudi. Siku ile tulituma watu wawili, mmoja kati ya wale waliomlaumu na mmoja kati ya wale waliomtetea. Tuliwapa daftari moja na kalamu moja, kwa sababu hakuna aliyeamini hesabu ya mwenzake. Upande mmoja wa ukurasa wangeandika mipira anayoipoteza na krosi zinazofika. Upande wa pili wangeandika kila mara anaporudi nyuma kumsaidia beki wake. Sharti lilikuwa moja tu: msiangalie mpira, mwangalieni namba 11.

Ni jambo gumu kuliko mnavyofikiri. Jicho linataka kufuata mpira kama nzi anavyofuata muwa. Lakini walijikaza, na mwisho wa mchezo wakaleta daftari. Krosi zilizofika kwa mwenzake zilikuwa mbili tu. Mipira aliyoipoteza ilikuwa mingi, yule aliyemlaumu hakudanganya. Lakini upande wa pili, mistari ya kurudi nyuma ilikuwa imejaa ukurasa mzima na kuingia ukurasa unaofuata. Wote wawili walinyamaza kidogo, kila mmoja akimwacha mwenzake aanze kusema.

Tukamwuliza mwalimu. Akatueleza kwamba beki wa kushoto ni mgeni, bado mdogo, na wapinzani wote wameshajua kwamba pale ndipo pa kupita. Ni yeye mwalimu aliyemwambia namba 11: "Usimwache mdogo wako peke yake." Basi kijana anakimbia kutoka goli letu hadi goli lao, anarudi, anakwenda tena. Akifika mbele hana pumzi. Mguu uliochoka haupigi krosi nzuri.

Basi nani alikuwa na haki pale mlangoni? Kila upande ulikuwa na nusu. Mchezo wake mbele ulikuwa umeshuka kweli, na haifai kuficha. Lakini juhudi yake haikushuka. Ilikuwa imepanda, na ilikuwa inaula ule mchezo wake. Wale waliuliza, "Je, kazi yake inazaa?" Hawa waliuliza, "Je, anafanya kazi?" Ni maswali mawili, na kila mmoja alidhani mwenzake anajibu swali lake.

Tuwakumbushe jambo ambalo wazee wa mpira wanalijua. Timu ya Brazili iliyochukua Kombe la Dunia mwaka 1958, na tena mwaka 1962, ilikuwa na wachezaji wawili wa pembeni. Upande wa kulia alikuwepo Garrincha, ambaye kwa chenga zake watu walisimama vitini. Upande wa kushoto alikuwepo Mário Zagallo. Yeye alikuwa anarudi nyuma, anaziba nafasi, anasaidia katikati, kisha anapanda tena. Wabrazili walimpa jina la utani, chungu mdogo. Kama ungewapima wote wawili kwa chenga, ungemfukuza Zagallo. Kama ungewapima kwa kurudi nyuma, ungemfukuza Garrincha. Brazili haikumfukuza hata mmoja, ikachukua kombe mara mbili.

Na sisi wa mji huu tuna kumbukumbu nyingine. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, baada ya kuipiga Internacional ya Brazili mbili kwa bila. Katika fainali Inter ya Milano ilitufunga tatu, na moja kati yake ilitoka mguuni mwa Samuel Eto'o. Tulilia. Lakini huyo Eto'o, mfungaji mkubwa wa Afrika, miezi michache mbele yake alikuwa amefanya kazi nyingine kabisa. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule, kwenye uwanja wa Barcelona, Inter ilibaki na watu kumi tangu dakika ya 28. Eto'o aliwekwa pembeni, akashuka kusaidia mabeki karibu usiku mzima kama vile yeye mwenyewe ni beki. Hakufunga bao. Inter ilishindwa moja kwa bila, lakini kwa jumla ya mechi mbili ndiyo iliyokwenda fainali, na ikachukua kombe la Ulaya. Mtu aliyehesabu mabao tu usiku ule angesema Eto'o hakufanya kitu.

Tunatoa nini katika habari hizi? Tunatoa mambo matatu, si zaidi, ili myabebe nyumbani.

La kwanza: kabla ya kumhukumu mtu, uliza alitumwa kazi gani. Paulo aliwauliza Waroma hivyo hivyo, wao ni nani hata wamhukumu mtumishi wa mtu mwingine. Mtumishi anajibu kwa bwana wake, kwa kuwa bwana ndiye anayejua alimtuma nini. Sisi tulimpima kijana kwa kazi ya kupiga krosi, hali alitumwa kumlinda mdogo wake. Je, nyumbani kwako si vile vile? Mtoto mmoja analeta alama nzuri za masomo, na baba anamsifu mbele ya wageni. Dada yake ana alama ndogo, na baba anasema, "Huyu hana kichwa." Lakini nani anachota maji alfajiri? Nani anambeba mdogo mgongoni mama akiwa sokoni? Ulimtuma wewe mwenyewe, baba, kisha unamhukumu kwa daftari la mwingine.

La pili: mwangalie mtu wakati hana mpira. Katika dakika 90, mchezaji anakaa na mpira mguuni dakika chache tu. Zile nyingine zote anakimbia, anaziba, anasubiri, anaita. Maisha ni hivyo. Katika kwaya tunamsikia mwimbaji wa mbele, hatumwoni anayefagia kanisa siku ya posho. Mwenye hekima wa kitabu cha Mezali alimtuma mvivu kwa chungu akajifunze, na chungu ni mdudu ambaye hatumwoni mpaka tuiname. Naye Paulo aliwaandikia Wakorinto kwamba viungo vinavyoonekana vinyonge mwilini ndivyo mwili usivyoweza kuviacha. Basi tuiname kidogo.

La tatu: ukisema kosa, sema kitendo, usimpe mtu jina. Hatusemi kwamba watu wa mpira wanyamaze. Kumwambia kijana, "Krosi zako hazifiki," ni neno la kweli. Anaweza kulibeba kwenda nalo kwenye mazoezi, akapiga krosi ishirini, akarudi. Lakini ukimwita mvivu, ataufanyia mazoezi gani uvivu asiokuwa nao? Neno la namna ile linafika gareji kabla yake, linakaa kwenye kiti chake. Na wewe mtu mzima, ambaye kweli unalala mpaka saa nne na kumwachia mke wako kulima na kuuza, usijifiche nyuma ya mafundisho haya. Uvivu upo. Ndiyo maana tusilitupe jina lake ovyo.

Baada ya kuona daftari, tulimwomba ruhusa yule mama. Siku ya posho iliyofuata, kwa saa ile ile na kwenye mikro ile ile, tulisema: "Tulikosa. Hatukuona mchezo wote, tukasema kama tuliouona." Tulijua kwamba wengine waliosikia neno la kwanza hawakusikia la pili. Hiyo ndiyo adhabu ya ulimi: unatoka mbio, na msamaha unafuata nyuma ukichechemea. Hata hivyo inafaa kuutuma.

Mtauliza habari za kijana. Yuko. Mwalimu alimwambia mchezaji mmoja wa katikati asaidie upande ule, basi namba 11 anapumzika kidogo kabla ya kupanda. Krosi zake hazijarudi zote. Siku ya posho iliyopita alipoteza mpira mmoja mbaya, na watu wakaguna. Lakini wale ndugu wawili walikuwa wamesimama pamoja kando ya mstari, na mmoja alimwambia mwenzake: "Ngoja, tuone kama atarudi." Akarudi mbio, akaunyang'anya ule mpira karibu na mstari wetu.

Juma hili tunawapa kazi moja. Chagua mtu mmoja wa nyumbani, wa kazini au wa kanisani, ambaye umezoea kumlalamikia. Siku moja nzima mwangalie yeye, usiangalie mpira. Jioni umwambie kitu kimoja ulichokiona.

Ee Bwana, wewe unayeona kazi zilizofichwa, utupe macho ya kuona na ulimi wa kungoja. Uwabariki wote wanaokimbia leo bila kusifiwa. Amina.