Iguse Injini Ikiwa Baridi

(Muziki wa kufungulia, kisha unafifia.)

Kama uko Suneka, Ogembo, Nyansiongo, Kebirigo, au umekwama kwenye msongamano wa pale Daraja Mbili, sogeza redio karibu. Leo nina ujumbe mmoja tu mkononi, nao unatosha kipindi kizima.

Umetoka kwa kijana wa upande wa Keroka. Anaandika: "Mwalimu, habari za siku nyingi. Nimepata Yamaha R6 ya mwaka 2006, iko Kisii mjini, wanaitisha laki mbili na nusu. Nina akiba ya laki tatu. Ninunue ama niache?"

Nilimpigia nikamwambia swali kama hilo halijibiwi kwa simu. Tukapatana Jumamosi, saa tatu asubuhi, na nikamwomba aje na fundi wake. Akaja na fundi wa kijijini kwao, mzee mtaratibu mwenye mfuko wa spana na mita ya kupimia umeme. Nitarudi kwake.

Kwanza nimweleze mama anayetusikiliza huku akipepeta wimbi, R6 ni kitu gani. Mama, ile Boxer ya bodaboda iliyokuleta kutoka sokoni ina silinda moja, takriban 145cc, na nguvu za farasi kama 12. R6 ina silinda nne zimepangwa safu moja, 599cc, na nguvu za farasi wapatao 120. Mara kumi! Lakini uzito wake haufiki hata mara mbili ya ile Boxer. Yamaha waliitoa mwaka 1999 kushindana na ndugu zake wa rika moja: Honda CBR600, Kawasaki ZX-6R na Suzuki GSX-R600. Zote ni pikipiki za mbio zilizofungwa taa na vioo ili ziruhusiwe barabarani. Ulaya, Yamaha waliacha kuiuza kama pikipiki ya barabarani ilipofika mwisho wa 2020, sheria za moshi zilipokazwa. Zilizobaki zinazunguka mikononi mwa watu, na ndivyo moja inavyoweza kumfikia kijana wa Keroka.

Sasa sikiliza jambo hili, maana ndilo lililonifanya nikune kichwa. R6 ina gia sita. Ukiivuta gia ya kwanza mpaka mwisho, tayari umepita kilomita 100 kwa saa, na hujagusa ya pili. Mwendo unaoruhusiwa mjini ni kilomita 50. Kwa hiyo ndani ya Kisii utakuwa umenunua gia moja, tena nusu yake. Tano zilizobaki ni za kusimulia.

Kijana aliponiambia, "Lakini mwalimu, nje ya mji kuna lami nzuri," nilimkubalia. Barabara ya Isebania, Kisii hadi Ahero ilitengenezwa upya, na ukiipata asubuhi imekauka, hata mimi mwenye mvi mkono unawasha. Ila tuhesabu. Katika sensa ya 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.2, na kila kilomita mraba ina zaidi ya watu 900. Hakuna kipande cha barabara kilicho tupu huku kwetu. Kila baada ya nyumba kuna nyumba, kila baada ya geti kuna njia ya miguu inayoteremka hadi lamini. Ukienda kilomita 100 kwa saa, sekunde moja inakula mita 28. Katika sekunde hiyo ya kushtuka, kabla kidole hakijagusa breki, ng'ombe wa kamba ameshavuka nusu ya barabara, na yule mtoto aliyejitwika majani chai ameshaamua kumfuata. Pale Keumbu siku ya soko, sekunde hiyo huna.

Binamu ya kijana yuko Minnesota, ambako Wakisii wamejaa kama nyumbani, na humtumia video za pikipiki hizi zikipepea kwenye barabara kuu za huko. Nilimwuliza kama ameona hata mbuzi mmoja kwenye video hizo. Akacheka. Uingereza nao, kijana wa miaka 20 hapewi leseni ya kupanda R6. Anabanwa kwenye pikipiki isiyozidi kilowati 35, ambazo ni kama nguvu za farasi 47, mpaka umri na uzoefu viongezeke. Hizo ni nchi ambazo ng'ombe wana ua.

Halafu kuna njia ya kwao. Kutoka lami hadi kwenye boma lao ni kilomita mbili na nusu za udongo mwekundu, tena mteremko. Msikilizaji wa nyanda hizi hahitaji kuelezwa udongo huo unakuwaje baada ya mvua ya saa tisa. Usukani wa R6 uko chini, mwili umelala mbele, uzito wote umeegemea viganja vya mikono. Tumbo la pikipiki liko karibu na ardhi. Tairi ya nyuma ni pana, namba 180, na haina meno ya kung'ata matope. Breki ya mbele ni kali kiasi kwamba vidole viwili vinatosha, na ya mwaka 2006 haina ABS. Shika breki hiyo kwenye mteremko wa matope, gurudumu la mbele linafunga, na utashuka hadi mtoni ukiwa umekumbatia tangi.

Haya, twende tukaione.

(Mlio wa geti la mabati.)

Ilikuwa nyuma ya karakana moja, imeegemezwa ukutani, nyekundu, imepigwa polishi mpaka unajiona. Nakiri kwamba ni nzuri. Kijana alitembea akiizunguka bila kusema neno. Muuzaji, mtu mchangamfu, akatupokea: "Karibuni, mabosi. Nimeipasha moto kidogo ndio msisumbuke."

Fundi wetu hakuangalia rangi. Aliinama, akaweka kiganja karibu na injini, akakiondoa. "Basi izime, bosi," akasema. "Tutakunywa chai, turudi ikipoa."

Hapo ndipo ningependa uandike, kama una kalamu. Pikipiki kuukuu inasema ukweli asubuhi, ikiwa baridi. Injini iliyokwisha pashwa moto huficha ugumu wa kuwaka, huficha moshi wa mwanzo, huficha kelele. Ukifika ukakuta ina joto, usigombane na mtu. Kunywa chai.

Tulikunywa chai na mandazi kwa saa moja na zaidi. Tuliporudi, ilizungushwa mara nne ndipo ikawaka, na kutoka upande wa kulia wa injini kukatoka sauti kama ya mtu anayetikisa sarafu ndani ya kopo. Muuzaji akaongeza mafuta haraka, sauti ikapotea. Fundi akamwomba aachilie, ikarudi. "Cheni ya taimingi imelegea, au kile kinachoikaza kimechoka," akatuambia. Si msiba, ila kazi yake haifanywi kwa nyundo.

Akatoa mita yake akaweka kwenye betri, injini ikinguruma. Ilisoma volti 12.7. Ilipaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Maana yake betri hailishwi. Itakuwashia ukitoka nyumbani na kukuacha ukirudi. Akashika usukani akaupinda kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kisha akaniita nichungulie chini ya shingo ya fremu, pale pana kinundu cha kuzuia usukani usipinde kupita kiasi. Kinundu kile upande wa kushoto kilikuwa kimebonyea. Kinundu hicho hakibonyei kwa kuegeshwa vibaya. Usukani ulizungushwa kwa nguvu sana, na mtu aliyekuwa juu yake hakuwa anatabasamu. Kisha ukiangalia vizuri unaona kava za plastiki zimefungwa kwa skrubu za aina tatu, na ncha ya kishikio cha klachi imesagika upande huo huo.

Tairi sasa. Kijana alikuwa ameniambia kwamba tairi "ni kama mpya". Kweli, zilikuwa na maua yote. Lakini ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yale ya DOT, kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zile zilisoma 1411: wiki ya 14, mwaka 2011. Fundi akaibonyeza kwa ukucha, ukucha haukuacha alama. Mpira umekauka ukawa kama sahani. Kwenye lami iliyolowa, tairi hiyo yenye maua ni mbaya kuliko kipara cha mwaka jana.

Na tairi hizo huzipati Kisii kwa urahisi. Za Boxer ziko kila steji, unabadilishiwa huku ukila ndizi. Ya namba 180 unaagiza Nairobi, kutoka Barabara ya Kirinyaga au kwa wanaoleta kutoka nje, zaidi ya kilomita 300, na pea moja inakula makumi ya maelfu ya shilingi. Injini yenyewe inakunywa oili zaidi ya lita mbili, Boxer huridhika na lita moja hivi. Petroli, ukiiendesha kwa adabu, ni kilomita 16 hadi 20 kwa lita; Boxer inaweza kupita 50. Ile elfu hamsini aliyobakisha kijana ilianza kuyeyuka pale pale karakanani, na bado hatujataja bima, helmeti ya maana, glavu, wala jaketi.

Nikamwomba muuzaji logibuku. Akasema iko kwa rafiki.

Hapa nijitolee ushahidi wangu mwenyewe, maana makosa ya mwalimu ni somo la bure. Miaka mingi iliyopita nilinunua pikipiki ya 400cc katika mji mmoja wa Bonde la Ufa. Injini yake ilikuwa safi kama saa. Jina kwenye logibuku halikuwa la aliyeniuzia, nikaambiwa "tutarekebisha wiki ijayo". Wiki hiyo haijafika mpaka leo. Pikipiki ilikaa miezi kumi na minne kwenye banda la mbuzi, imefunikwa turubai, kuku wakaitagia mayai juu ya kiti. Niliiuza kama vipuri. Kwa hiyo usinione mkali nikikuambia: kabla hujatoa hata shilingi, ingia kwenye mtandao wa eCitizen, uombe rekodi za chombo hicho NTSA kwa namba ya usajili. Utaona jina la mwenyewe, na utaona kama kuna benki au mkopeshaji anayekidai. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu isomwe kwa macho yako, ilingane na karatasi tarakimu kwa tarakimu, na ya injini vivyo hivyo. Mwenye jina ndiye akuhamishie kupitia akaunti yake, na sheria inakupa siku 14 tu za kuiendesha kabla ya umiliki kubadilishwa. Mtu asiyeweza kufanya hivyo anakuuzia chuma.

Sasa, jibu langu kwa kijana. Mimi sisemi mtu asinunue pikipiki ya mbio. Yupo aliyepanda pikipiki kubwa miaka kumi, anakaa kando ya lami, ana gari la siku za mvua, ana fundi, na ana fedha nyingine sawa na bei ya pikipiki zimekaa kando kwa matengenezo. Huyo akiipata nzima, ikiwaka baridi, na karatasi mkononi, anunue na anipitie nyumbani nisikie mlio. Kijana wetu amepanda Boxer ya mjomba kwa miaka miwili. Kwa laki tatu na njia ile ya kwao, ningemtafutia pikipiki ya njia mbovu ya silinda moja, kama zile Yamaha DT na Honda XL ambazo maafisa wa kilimo wamepandia milima ya majani chai miaka nenda miaka rudi. Haina sura ya kupigia picha, hilo najua. Na najua picha ni sehemu ya jambo hili; nilikuwa kijana.

Jioni tulirudi naye kwao kwa bodaboda, watatu na mfuko wa spana, jambo ambalo si halali, na dereva alipewa maneno yake. Mvua ilikuwa imepita. Tulishuka mara mbili kusukuma. Mama yake alikuwa mlangoni. Msikilizaji wangu wa mbali, usichanganyikiwe: kwa Ekegusii "baba" ndiye mama, na "tata" ndiye baba. Kijana akamwonyesha picha ya ile nyekundu kwenye simu. Mama aliitazama kwa muda, akaipanua kwa vidole, akauliza, "Itabeba nini?"

"Itanibeba mimi, baba."

"Wewe una miguu," akajibu, akarudi jikoni.

Jumatatu muuzaji alimpigia simu: laki mbili na ishirini. Jumatano: laki mbili kamili, na logibuku bado iko kwa rafiki. Kijana ameniambia hapigi simu yeye, anasubiri ya Ijumaa, anataka tu kusikia itashuka mpaka wapi.

(Muziki unapanda.)