Kilimia Ndani ya Kompyuta

Maneno ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Tangini, Kibaha



Juzi darasani palitokea ubishi. Mzee wetu mmoja alisema, "Kilimia huzama wakati wa masika, huzuka wakati wa kiangazi." Vijana wakacheka. Wakasema hizo ni hadithi za kale. Mimi sikuamua. Niliwasha kompyuta.

Ndani yake mna programu iitwayo Stellarium. Ilianzishwa na Mfaransa, Fabien Chéreau. Kazi yake ni kuonyesha nyota za mahali popote, siku yoyote. Programu hiyo ya kompyuta ni ya bure. Mtu akitaka kukuuzia, mkatalie. Ukishaiweka, unaitumia hata bila intaneti.

Kwanza tuliiambia kwamba tuko Kibaha. Kisha tukaandika M45, maana hivyo ndivyo Kilimia kilivyoandikwa katika orodha ya wataalamu. Halafu tukageuza tarehe. Mwishoni mwa Aprili, jioni, Kilimia kilikuwa chini, upande wa magharibi. Katikati ya Mei kilipotea, maana kilikuwa upande mmoja na jua. Mwishoni mwa Juni kikazuka alfajiri, upande wa mashariki. Vijana wakanyamaza. Mzee alisema kweli.

Lakini tuelewane, ndugu zangu. Kilimia hakileti mvua. Dunia hulizunguka jua kwa mwaka mmoja, ndiyo maana nyota hurudi kila mwaka kwa majira yale yale. Mvua haina ahadi kama hiyo. Mara huwahi, mara huchelewa. Basi usimwage mbegu shambani kwa kutazama Kilimia peke yake. Sikiliza pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Jambo la mwisho. Kompyuta ilijua Kilimia kiko wapi. Haikujua kwamba babu zetu walikitazama ili wajue majira ya kulima. Hayo yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka. Ninyi sasa mnajua kuandika. Chukueni daftari, mkawaulize majina ya nyota na kazi zake, myaandike.

Kisha usiku tokeni nje, mahali pasipo taa, mzitazame nyota zenyewe. Mwezi wa Novemba, saa mbili usiku, tazameni kaskazini-mashariki. Kilimia kitakuwa kimekwisha kupanda.