Aliyebakwa asiachwe peke yake

Ndugu wasikilizaji, yako mambo ambayo majumbani mwetu husemwa kwa kunong'ona, na mojawapo ni hili la binti aliyebakwa kisha akapata mimba. Likitokea, wazee hukutana, mlango hufungwa, na mara nyingi kinachojadiliwa si afya ya binti bali aibu ya ukoo. Wengine hufikia hata kupatana fidia na mbakaji!

Sheria inasemaje? Mwaka 1998 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ikaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji mtu mzima. Ni adhabu kali, na inastahili. Lakini kuhusu mimba anayoiacha, Kanuni ya Adhabu haina neno. Inasema tu kwamba anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria aweza kufungwa miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Nafuu iliyopo ni ya daktari anayefanya upasuaji kuokoa maisha ya mama.

Hata hivyo, mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, inayozitaka nchi za Afrika ziruhusu mimba ya kubakwa itolewe kitabibu. Tuliridhia, kisha sheria yetu ikabaki ilivyokuwa. Majirani wamesogea. Mwaka 2018 Rwanda iliondoa sharti la aliyebakwa kupata kwanza kibali cha mahakama. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa mimba ya kubakwa yaweza kutolewa iwapo mtaalamu wa afya ataona maisha au afya ya mama imo hatarini. Kesi hiyo ilihusu msichana aliyebakwa akiwa na miaka 14. Alitolewa mimba kwa njia isiyo salama, figo zikaharibika, na mwaka 2018 akafariki dunia.

Wapo watakaosema mtoto aliye tumboni hana kosa. Hoja hiyo si ya kubezwa. Lakini je, binti naye ana kosa gani? Wapo waliozaa na kuwalea watoto hao kwa mapenzi, nao wanastahili heshima na msaada. Wapo ambao hawawezi, na hao tukiwafungia mlango wa hospitali hawarudi nyumbani kulea. Huenda uchochoroni, usiku, bila mtu wa kuwashika mkono.

Kwa hiyo wabunge wetu waitazame upya sheria hii, ili uamuzi huo mzito binti aufanye mbele ya daktari, kwa hiari yake, si kwa kulazimishwa na baba, mjomba wala jirani.

Nasi wazazi tusingoje Bunge. Binti akibakwa, asioge wala nguo zisifuliwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na polisi waarifiwe. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufaa ndani ya siku 5, mapema zaidi ndiyo bora. Tukikaa wiki nzima tukificha, saa hizo zimekwisha, na binti amebaki na lile ambalo lingeweza kuepukwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tusimfiche binti yetu, ndugu wasikilizaji. Aibu ni ya mbakaji.