Sungusungu Si wa Chupani

Mei 2025 mahakama moja ya Nairobi iliwatoza wanaume wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja. Kosa? Chungu. Wawili kati yao, vijana wa Ubelgiji, walikutwa Kaunti ya Nakuru na malkia wapatao 5,000 ndani ya vichupa vyenye pamba. Wengi tulicheka. Wenye kuijua biashara hiyo hawakucheka, kwa sababu Ulaya na Asia wapo watu wanaofuga chungu sebuleni na kuwalipia vizuri.

Chungu hao wa Nakuru walikuwa wavunaji, wenye kula mbegu. Malkia wao huruka mvua zikinyesha, hupata dume, kisha huchimba shimo peke yake na kuanzisha ukoo. Ndiyo maana kichupa humtosha.

Tatizo ni kwamba mfugaji akimzoea mla mbegu, huanza kumtamani mwindaji. Na mwindaji wetu wa kutamaniwa ni sungusungu, yule mweusi mkubwa anayekwenda kwa foleni kuvamia mchwa. Ukiivuruga foleni yake, utasikia mchakacho wa hasira bila hata kuinama. Mpelelezi mmoja hutangulia. Akigundua walipo mchwa, hurudi kuita mamia ya wenzake. Wakubwa hubomoa udongo, wadogo hupenya na kuua. Askari wa mchwa nao si wa mchezo, hukata miguu. Huko Comoé, Kodivaa, mtafiti Erik Frank na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba majeruhi hubebwa hadi nyumbani. Mwaka 2023 wakaongeza kwamba kidonda kikiingia vijidudu, wenzake hukitambua na kukipaka ute wa dawa kutoka kwenye tezi zao wenyewe. Zahanati ya chini ya ardhi, hiyo!

Nani asingetaka kuyaona hayo mezani kwake? Lakini sungusungu hali kitu kingine ila mchwa. Mfugaji wa Berlin itabidi kwanza afuge kichuguu, na kichuguu hicho nacho kina bustani yake ya uyoga. Kubwa zaidi, malkia wa sungusungu hana mabawa wala haanzi maisha peke yake. Ukoo mpya huzaliwa pale ukoo wa zamani unapogawanyika. Kumtia peke yake kichupani ni kumuua, na huku nyuma umeuacha ukoo wake bila mama. Watafiti wenyewe, walipotaka kuwatazama ndani, waliuchimba ukoo mzima na kuulisha mchwa wa papo hapo porini.

Kwa hiyo anaitwa adimu sokoni, ilhali porini yupo tele. Uadimu huo unampandisha bei, na bei ndiyo inayonitia hofu, maana mchimbaji anayelipwa kwa kila malkia haulizi kama atafika hai.

Sipingi kufuga chungu. Mvunaji aliyezalishwa kwa kibali, mtoto akamtazama akibeba mbegu, sioni ubaya. Ila kibali cha sungusungu kiishie kwa watafiti, na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) lisimpe mtu binafsi hata awe na pesa za kufuru. Mgeni mwenye hamu naye aongozwe asubuhi au jioni hadi kwenye vichuguu, alipe kiongozi wa kijijini, na achunge vidole vyake.